Mgeni Anaishia Wapi? Nilivyojifunza Kupanga Nyumba za Watu

Kazi hii niliiingia kwa mlango wa mapazia. Duka lilikuwa Kariakoo, na mimi ndiye niliyetumwa majumbani na futi kamba na daftari kwenda kupima madirisha. Ni kazi inayodharauliwa, lakini ina heri yake: mpima madirisha huingizwa hadi chumbani, mahali ambapo hata shemeji hafiki. Unaona sebule yenye makochi ambayo bado yana nailoni za dukani. Unaona kitanda kilichosogezwa katikati ya chumba kwa sababu ukuta unachoma. Na karibu kila nyumba ina dirisha moja lisilofunguliwa kabisa. Ukiuliza sababu utaambiwa jua, au jirani, au vumbi.

Wateja walikuwa wakiomba pazia zito la kuzuia joto. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana linapiga paa. Linaloingia ndani na kutesa watu ni lile lililoinama, la asubuhi kutoka mashariki na la alasiri kutoka magharibi. Ukuta wa matofali ya saruji unaotazama magharibi hunywa joto mchana kutwa, kisha hulitoa usiku, saa zile unapotaka kulala. Na pazia likiwa ndani, joto limeshavuka kioo. Unachofanya ni kujifungia nalo chumbani. Kinachosaidia ni kivuli cha nje: upenu mrefu, mti, kibaraza, hata jamvi la mianzi lililoning'inizwa nje ya dirisha. Nilikuwa nawaambia wateja hayo, mwenye duka akawa ananikazia macho, na ninamwelewa. Yeye alikuwa anauza vitambaa.

Baadaye nikaenda kwa mbunifu majengo mmoja aliyetaka mtu wa kushughulikia "mambo ya ndani", yaani kila kitu ambacho yeye hakukipenda: makabati, taa, ugomvi wa mume na mke juu ya rangi. Siku hizi Chuo Kikuu cha Ardhi kinatoa shahada ya usanifu wa ndani, na vijana wanatoka wakizijua programu za kompyuta ambazo mimi nimefundishwa na wao. Mimi darasa langu lilikuwa kwenye vifusi.

Kufikiri nilifundishwa na nyumba za Lamu.

Mji mkongwe wa Lamu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wageni wengi huenda kupiga picha milango. Milango ni mizuri, sikatai. Mimi nilichokwenda kutazama ni safari ya mtu kutoka njiani hadi chumba cha mwisho. Kwanza kuna daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili za mlango. Mwenye shida ya dakika tano anamalizana na mwenye nyumba hapo hapo. Ukivuka mlango unaingia tekani, ambako njia inapinda makusudi, hivyo mlango hata ukiachwa wazi aliye nje haoni kitu. Kisha kiwanda, ua usioezekwa, unaoingiza mwanga na hewa. Toka hapo vyumba vinafuatana kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, yaani wa chini, msana wa yuu, yaani wa juu, halafu chumba chenyewe kinachoitwa ndani. Sakafu inapanda kidogo kila unaposogea, na mwanga unapungua. Mgeni wa kiume kwa kawaida hakupitishwa huko. Ngazi ilimchukua kutoka tekani hadi sabule, chumba cha wageni cha ghorofani. Ameheshimiwa, amelishwa, amelala vizuri, na hajui mke wa mwenyeji amekaa wapi.

Huko ndani ndiko walikoweka zidaka: vishubaka vya lipu ya chokaa iliyochongwa kwa mkono, safu juu ya safu, vikibeba sahani na mabakuli ya kaure ya Kichina. Fikiria hilo. Kitu cha thamani kuliko vyote kimewekwa mahali ambapo watu wachache kuliko wote wataingia. Sisi shokesi tumeiweka mkabala na mlango wa mbele ili hata anayeleta bili aione.

Vyumba vyenyewe ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiaminiki ikivuka mita 3 hivi. Upungufu wa mti ukageuka tabia ya chumba: watu wanakaa karibu karibu, mgongo umeegemea ukuta mnene wa mawe ya matumbawe, uso umeelekea uani. Leo tuna zege na nondo, tunajenga sebule ya mita 8 bila nguzo, na tukishaimaliza hatujui kochi likae wapi.

Usidhani hekima hiyo ilikuwa ya matajiri wa Lamu peke yao. Itazame nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Magomeni au Ilala: baraza mbele, ukumbi umepita katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma kwenye jiko, choo na maji. Fungua mlango wa mbele na wa nyuma, upepo unapita ukumbini moja kwa moja. Mgeni wa barazani ni wa barazani. Wa uani ni ndugu. Nyumba hiyo iliwahifadhi wapangaji wa makabila na dini mbalimbali, kila familia na chumba chake, na heshima haikuvunjika kwa sababu kila mtu alijua mwisho wake.

Halafu zikaja ramani za kupakua kwenye simu. Mlango wa mbele unafungukia sebuleni, jiko liko wazi pembeni, mlango wa choo umetazamana na meza ya chakula. Kijana anayeleta mtungi wa gesi anakatiza zuliani akiwa ameubeba begani, anawapita wageni, anampita baba aliyevaa msuli, ndipo afike jikoni. Jirani aliyekuja kuomba kitunguu ameshaona nguo za ndani zilizoanikwa. Katika nchi ilikochorwa ramani hiyo pengine hakuna mtungi wa gesi wala jirani wa kitunguu. Hapa wapo.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mteja halihusu rangi. Namuuliza: mgeni anaishia wapi? Na si mgeni mmoja. Fundi bomba, mwalimu wa madrasa wa jioni, shemeji, mama mkwe anayekuja na begi bila kusema ataondoka lini, shoga wa toka utotoni. Naitandaza ramani mezani na kumchorea kila mmoja mstari wake kwa penseli ya rangi tofauti. Mistari ikigongana jikoni au mlangoni pa chumba cha kulala, tumeshaujua ugonjwa kabla hatujanunua hata mto mmoja.

Dawa mara nyingi ni rahisi kuliko watu wanavyoogopa. Kochi likigeuzwa mgongo kuelekea mlango, limeshajenga tekani ya bure. Kabati lililosimamishwa wima kati ya mlango na meza ya chakula linafanya kazi ya ukuta. Ukuta mfupi wa mita 1.2 unaficha masufuria yaliyorundikana na unaacha mpishi aendelee kusikia hadithi. Kukiwa na fedha, natengeneza pazia la mbao za kupishanishwa linaloachia upepo na kukata macho. Na kama nyumba bado inajengwa, napigania mlango wa pembeni wa kuingilia jikoni hata kama nitaonekana king'ang'anizi.

Kuna kazi ya Mbweni ninayopenda kuisimulia. Mama mwenye nyumba alinionyesha picha kwenye simu: sebule nyeupe, miguu ya meza ya dhahabu, taa kubwa ya vioo, dari ya jipsamu ya ngazi tatu. "Dada, hii. Hivi hivi ilivyo." Nikamwomba kitu kimoja: nije alasiri moja, nikae tu, nisipime chochote.

Nilipofika, sebule ilikuwa imefungwa kwa ufunguo. Watu wote walikuwa nyuma, kwenye kibaraza chembamba nje ya jiko. Bibi, mama wa mwenye nyumba, alikuwa mkekani ameegemea mhimili wa mlango, anachambua mchele kwenye ungo. Binti alikuwa anasukwa. Baba alikuwa kwenye kiti cha plastiki, redio mapajani. Ilikuwa msimu wa kusi na upepo ulikuwa unapita papo hapo, kati ya ukuta wa jiko na tangi la maji, mahali pekee ulipopata njia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa makochi?"

"Ndiye mimi."

"Yasiwe ya kuzama. Nikikaa siinuki, wananivuta mikono kama mtumbwi."

Sentensi hiyo ilinipa kazi nzima. Makochi ya kisasa yana kimo kidogo na kina kirefu. Ni ya kijana anayetazama mpira. Mtu mzima mwenye magoti mabovu anahitaji kikalio cha sentimita 45 hadi 48 kutoka sakafuni, kigumu kiasi, na mkono wa kochi wa kujishikia anapoinuka. Tukaigawa bajeti upya. Sebule ilipata rangi, makochi mawili ya kimo cha bibi, na taa ya vioo, ndogo kuliko ya kwenye picha, kwa sababu mwenye nyumba aliitaka na ni nyumba yake. Fedha nyingine zote zikaenda nyuma: paa la kibaraza likaongezwa kina, tukajenga baraza ya saruji ukutani, pangaboi, bomba la kunawia, na taa ya njano.

Kwenye jipsamu tulibishana sana. Nina chuki nayo, niseme ukweli, ingawa najua inalisha mafundi wengi. Ukiwa na dari ya mita 3 ukaishusha hadi 2.6 ili upate ngazi na mistari ya taa, umelileta joto karibu na vichwa vya watu, na pangaboi huna tena pa kulitundika pazuri: likikaribiana mno na dari halivuti hewa, likishuka chini ya mita 2.1 linatishia mikono ya mtu anayevua shati. Bati likivuja masika ya kwanza, unabaki na ramani ya kahawia juu ya kochi jeupe. Tukaishia kuweka mkanda mwembamba pembeni tu. Kila mmoja anaamini ameshinda.

Katika kumfikiria bibi yule ndipo Eileen Gray, mbunifu wa samani na nyumba, anaponijia. Alizaliwa Ireland mwaka 1878, akaishi Paris sehemu kubwa ya maisha yake, akafariki mwaka 1976. Alianza na kazi ya kupaka laka, utomvu wa mti unaong'aa ukikauka, kazi aliyojifunza kwa fundi wa Kijapani, Seizo Sugawara. Kazi ya tabaka juu ya tabaka, ya kusubiri kila moja ikauke. Mwaka 1929 alikamilisha nyumba juu ya miamba ya Roquebrune-Cap-Martin, kusini mwa Ufaransa, akaiita E-1027. Ni fumbo la majina: E ni Eileen, 10 ni J, herufi ya kumi, 2 ni B, 7 ni G, yaani herufi za rafiki yake Jean Badovici zimekumbatiwa na zake. Ukutani aliandika maneno ya kumwelekeza mtu. Mlangoni yalisema kwa Kifaransa uingie taratibu. Kwa ajili ya nyumba hiyo alibuni meza ndogo ya mviringo ya bomba la chuma na kioo, yenye mguu unaoteleza chini ya kitanda na kimo kinachopanda na kushuka. Inasimuliwa kwamba alimfikiria dada yake aliyependa kula kifungua kinywa kitandani bila kumwaga makombo shukani. Mtu mmoja, tabia moja, meza moja. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Le Corbusier, msanifu majengo maarufu kuliko yeye, alikwenda akachora michoro mikubwa kwenye kuta hizo bila idhini yake. Hilo linanikera kama limetokea kwangu. Mwaka 2009 kiti kimoja alichobuni Gray kiliuzwa mnadani Paris kwa karibu euro milioni 22. Wakati huo yeye alikuwa kaburini zaidi ya miaka 30.

Ninachokichukua kwake ni kupima watu. Jikoni, kabla sijachora kabati, nampima anayepika: kimo cha kiwiko chake akiwa amesimama. Meza ya kukatia inatakiwa iwe chini ya kiwiko kwa sentimita 10 hadi 15. Makabati ya dukani huja na kimo cha sentimita 90, na wanawake wengi ninaowafanyia kazi wanahitaji 85. Ugali una hesabu yake. Ukisonga sufuria ikiwa juu ya jiko la kisasa, mikono inafika kifuani na nguvu zote zinatoka begani. Mabega yanauma na ugali unabaki na mabuja. Kwa hiyo sehemu ya jiko naishusha, chini kuliko meza, na sufuria iwe na mahali pa kukabwa isizunguke. Makampuni yanayoleta majiko ya kufungia ndani hayajawahi kuuliza jambo hilo.

Mwingine ninayemtazama mara kwa mara ni Geoffrey Bawa wa Sri Lanka, aliyekuwa mwanasheria kabla ya kugeukia majengo. Pale Colombo aliunganisha nyumba ndogo nne za kichochoroni zikawa makazi yake, akaacha vishimo vya mwanga na mvua kati ya vyumba. Bahari ni ile ile, jasho ni lile lile. Picha za nyumba zake nawaonyesha wateja wanaoniambia kwamba kisasa ni Ulaya tu.

Sasa mafundi. Mchoro haukai, kinachokaa ni kilichotoka mikononi mwa seremala. Nimefanya kazi na watu wa Keko kwa muda mrefu, na nasema bila kupepesa kwamba wapo wanaoweza kutengeneza chochote utakachowachorea. Tatizo ni ubao. Mninga, mkongo, mvule, mtiki, yote ni miti mizuri, lakini ikifanyiwa kazi ikiwa mibichi, droo itafunguka vizuri Januari na kukwama Aprili. Naenda mwenyewe kuchagua mbao, naweka alama, naziacha zikauke kivulini zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti. Fundi anajua nikija kukagua sitazami uso wa kabati. Naichomoa droo yote, naigeuza, naangalia mgongo na maungio. Uso kila mtu anaupiga msasa. Na malipo nayakata vipande, cha mwisho kikisubiri kazi ifike nyumbani kwa mteja, la sivyo nitapigwa kalenda hadi Idi.

Taa ni jambo dogo linaloharibu nyumba nyingi kuliko rangi. Kwenye boksi la balbu kuna namba inayoishia na herufi K. Tumezoea kununua 6500, nyeupe ya buluu, kwa sababu inaonekana "kali", halafu usiku sebule nzima inang'aa kama duka la simu na watu wanaonekana wagonjwa. Chukua 2700 au 3000, ya njano, kwa sebule na vyumba. Ile nyeupe iache jikoni na kwenye meza ya kusomea.

Kuna kazi ninazozikataa, hasa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ananipigia mtu amenunua nyumba ya zamani, anataka kuta "zinyooke", zipigwe lipu ya saruji na rangi ya mafuta. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinanyonya unyevu na kuutoa. Ukizifunga kwa saruji, maji yanakosa pa kutokea, chumvi inavimba, lipu inabanduka, na unyevu unaofika kwenye ncha za boriti unazioza kimya kimya ndani ya ukuta usione. Beit al Ajaib, jumba la maajabu la huko huko Mji Mkongwe, iliyojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, ilipoporomoka upande mmoja Desemba 2020, watu waliuawa. Jumba kubwa lina sababu zake nyingi, lakini tangu siku hiyo nikiambiwa "weka saruji tu, nani ataona", nashukuru kwa chai na kuaga.

Mwisho, vipimo vya ile baraza ya saruji ya Mbweni, kwa anayetaka kujenga ya kwake. Kimo ni sentimita 45. Kina ni 60 kama ni ya kukaa tu. Sisi tuliweka 75, kwa sababu baada ya chakula cha mchana kuna watu watajinyoosha. Chini, acha ukuta uingie ndani sentimita 10 hivi ili visigino vipate pa kurudi mtu anapoinuka. Juu weka mteremko kidogo kuelekea nje, maji ya mvua yasitulie. Usiweke marumaru za kung'aa: zinateleza zikilowa na saa tisa alasiri hazikaliki. Sisi tulitumia saruji iliyotiwa rangi nyekundu ikasuguliwa, kazi ya siku chache kwa fundi anayeijua, na bei yake haifiki hata robo ya ile taa ya vioo.